Kifurushi cha Sesame Street kwa watoto wa wafungwa: kinafaa nyumba ya Kiswahili?

"Baba amesafiri." Watoto wengi wa wafungwa hupewa jibu hilo, Kisauni ya Mombasa hata Mbagala ya Dar es Salaam. Siku za kwanza linatuliza. Mwezi wa tatu mtoto anauliza mbona baba hapigi simu. Siku moja mtoto wa jirani anamwambia yote, tena kwa kumzomea, na kuanzia hapo hamwamini tena yule aliyemwambia baba kasafiri.

Kifurushi kiitwacho Little Children, Big Challenges: Incarceration kilitolewa na Sesame Workshop, shirika la Marekani linalotengeneza kipindi cha watoto cha Sesame Street, mwezi Juni 2013 kwa ajili ya tatizo hilohilo. Kazi yake ni kumpa mlezi maneno ya kweli ambayo mtoto wa miaka 3 hadi 8 anaweza kuyabeba. Ni bure, na kimetengenezwa kwa Kiingereza na Kihispania. Kiswahili hakimo. Tumekipitia tukimfikiria bibi anayelea wajukuu Mombasa au Bukavu, mwalimu wa chekechea mwenye mtoto wa aina hiyo darasani, na familia za Kiswahili zilizohamia Marekani ambazo baba yao yuko gerezani hukohuko.

Ndani yake mna video fupi, mwongozo wa mlezi, kitabu cha hadithi cha mtoto, na karatasi ya ushauri kwa mzazi aliye gerezani. Kilipoanza kiligawiwa kwa DVD. Siku hizi unakipata kwenye tovuti ya shirika. Sura kuu ni mwanasesere Alex, nywele za buluu na pua ya kijani, ambaye baba yake amefungwa na hataki wenzake wajue. Mtu mzima aitwaye Sofia anamfungulia moyo kwamba naye utotoni baba yake alifungwa. Kipande hicho kina nguvu hata kwa mtoto asiyeelewa neno moja la Kiingereza, mradi mlezi aketi naye na kumtafsiria polepole. Mtoto anaona kwamba kuna mwingine kama yeye. Kwa mtoto aliyekuwa akidhani ni yeye peke yake duniani, hilo ni jambo kubwa.

Mali yenyewe, hata hivyo, iko kwenye mwongozo wa mlezi, na zaidi kwenye ushauri mmoja: mwambie mtoto mzazi yuko mahali panapoitwa gereza, kwamba watu wazima hupelekwa huko wanapovunja sheria, na kwamba si kwa kosa lake yeye mtoto. Basi. Hakuna kueleza mashtaka wala kumsema vibaya mzazi. Sehemu ya tatu ndiyo walezi wengi huiruka kwa sababu wanaona ni dhahiri, kumbe kwa mtoto si dhahiri hata kidogo. Mtoto wa miaka mitano aliyekataa uji asubuhi ambayo polisi walikuja anaweza kuishi mwaka mzima akiamini uji ule ndio uliompeleka baba jela. Mwambie waziwazi, na umrudie tena wiki ijayo.

Shida inaanza unapohamisha maneno hayo kwenye Kiswahili. Sisi husema "amefungwa". Mtoto mdogo analijua neno kufunga: mbuzi amefungwa kamba, mlango umefungwa. Ukimwambia "baba amefungwa" ukanyamaza, kichwani mwake kuna kamba. Ndiyo maana wengine huuliza "nani kamfunga?" au "sasa anakulaje?", na watu wazima hucheka au hulia badala ya kujibu. "Yuko ndani" nalo halimsaidii, kwa sababu hajui ndani ya wapi. Zanzibar kuna mtego wake: magereza huko huitwa rasmi Chuo cha Mafunzo, na mtoto anayeambiwa baba yuko Mafunzo ana haki ya kuuliza atamaliza lini masomo. Goma na Bukavu watu husema kasho, neno ambalo mtoto amekwisha kulisikia kama tishio la kunyamazishia watoto watukutu. Kwa hiyo kabla ya kufungua video yoyote, tengeneza sentensi zako. Zinazofanya kazi ni za namna hii:

"Baba yako yuko mahali panapoitwa gereza. Kuna mambo ambayo sheria inawakataza watu wazima, na baba alifanya moja. Hajafungwa kamba. Anakula, analala, ana wenzake. Hawezi kutoka mpaka aruhusiwe. Na si kwa sababu ya kitu chochote ulichofanya wewe, mwanangu."

Hapa pia ndipo kifurushi kinapokosea kwetu, na kosa si dogo. Maelezo yake yanachukulia kwamba aliye ndani amevunja sheria. Katika magereza ya Afrika Mashariki na Kongo, sehemu kubwa ya waliomo ni mahabusu, wale ambao Kenya wanaitwa watu wa rumande: kesi bado inasikilizwa, au imeahirishwa kwa mara ya kumi. Kumwambia mtoto kwamba mama yake alivunja sheria wakati hakimu hajasema hivyo ni kumhukumu mama mbele ya mwanawe. Kwa mahabusu, badilisha: "Kuna watu wanasema mama alifanya kosa. Hakimu bado hajaamua. Wakati anangoja, mama anakaa gerezani." Kesi ikiisha, kaa na mtoto tena umpe maneno mapya, hukumu iwe vipi. Familia nyingi huisahau hatua hiyo, na mtoto hubaki na habari za zamani.

Kuhusu swali la "atarudi lini", mwongozo unashauri umwambie mtoto kwamba bado hujapata habari na kwamba ukipata utamwambia. Ni ushauri mzuri kuliko unavyoonekana. Dhamana inaweza kukataliwa, rufaa inaweza kuchukua miaka, na hata kifungo chenye tarehe hubadilika: Kenya na Tanzania mfungwa mwenye tabia njema kwa kawaida hupunguziwa theluthi ya kifungo, lakini si kwa makosa yote. Ukimwambia mtoto "ukiingia darasa la nne baba atakuwa nyumbani", atahesabu. Atakapoingia darasa la nne bila baba, atakuwa amempoteza mara ya pili.

Sehemu ya kumtembelea mzazi ndiyo inayohitaji marekebisho mengi. Picha ya ziara kwenye kifurushi ni ya Kimarekani: mtoto anapita ukaguzi, anaketi na baba yake, wanazungumza. Anayempeleka mtoto kwenye gereza ambalo wageni husimama upande mmoja wa waya na wafungwa upande wa pili, kila mtu akipaza sauti, asimwonyeshe video hiyo siku ya kuamkia safari. Atakwenda akitarajia kukumbatiwa. Muulize kwanza ofisa wa gereza, au ndugu aliyewahi kwenda, ziara inavyokuwa pale, kisha mweleze mtoto kile atakachokiona hasa: foleni, askari wenye sare, simu ya mama kuachwa getini, baba akiwa amenyolewa na amevaa nguo asizozijua. Kenya wafungwa wanaume wengi wamevaa mistari myeusi na myeupe, Tanzania rangi ya chungwa. Mtoto akiambiwa kabla, nguo hazimtishi. Asipoambiwa, kuna watoto humwona baba wakajificha nyuma ya gauni la bibi mpaka muda unaisha, na baba anarudi selo akidhani mwanawe amemchukia.

Muda wenyewe ni dakika chache. Kwa mazungumzo ya simu mwongozo unapendekeza mtoto aandae mapema jambo la kumwambia mzazi, na kwenye ziara linafaa vilevile. Sisi tungesema mambo matatu, na yawe madogo: jino limeng'oka, kuku ametotoa, nimejua kuandika jina langu. Myarudie njiani. Mtoto awe amekula na amekwenda haja, kwa sababu foleni inaweza kula asubuhi nzima. Na uliza kuhusu siku za wazi. Magereza ya Kenya yamekuwa yakiandaa siku ambazo watoto hukaa na wazazi bila waya katikati, na siku moja ya namna hiyo ina thamani kuliko ziara kumi za dirishani. Anayehitaji hoja ya kumwomba mkuu wa gereza, aikumbuke Kanuni ya 28 ya Kanuni za Bangkok, za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa wanawake, za mwaka 2010: ziara za watoto kwa mama waliofungwa zifanyike katika mazingira yanayomfaa mtoto, na mguso uruhusiwe.

Kifurushi kinanyamaza kabisa kuhusu watoto wanaoishi gerezani pamoja na mama zao. Kenya sheria inamruhusu mtoto kukaa na mama aliyefungwa mpaka afikishe miaka 4. Kwa mtoto huyo mambo yamegeuka: gereza ndilo nyumbani, na uchungu unakuja siku ya kutolewa nje na kukabidhiwa kwa shangazi asiyemjua, mbwa asiowahi kuwaona, na usiku wenye giza bila taa za ukuta. Hakuna video ya Alex inayomsaidia. Anachohitaji ni shangazi kuanza kumtembelea miezi kadhaa kabla, amzoee, na khanga au shuka ya mama atoke nayo. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, Ibara ya 30, unataka mahakama zifikirie kwanza adhabu isiyo ya kifungo kwa mama wa mtoto mdogo. Wakili au ofisa ustawi anaweza kuitumia hoja hiyo kabla hukumu haijatolewa.

Kinanyamaza pia kuhusu pesa. Kwa nyumba nyingi, siku baba alipokamatwa ndiyo siku kodi ya nyumba, sare na nauli zilipokatika, na ushauri wa kumtuliza mtoto hausimami vizuri kwenye tumbo tupu. Hilo si kosa la waliokitengeneza, hawakulenga huko. Ila shirika, kanisa au msikiti unaotaka kukitumia ujue kwamba video bila unga haziendi mbali.

Namna ya kukitumia, kwa tulivyoona inavyokwenda vizuri: kwanza watu wazima wa nyumba wakubaliane maneno. Bibi akisema Arabuni, baba mkubwa akisema hospitali na mama akisema gereza, mtoto atachagua uongo unaompendeza, kisha atagombana na wengine. Andikeni sentensi zenu kwenye karatasi, kila mlezi azisome. Mwalimu mmoja anayeaminika aambiwe, si shule nzima. Baada ya hapo mlezi azungumze na mtoto kwa maneno yake mwenyewe, mchana, si wakati wa kulala. Video ije siku nyingine, moja tu, na mlezi akiwa kando. Pakua mahali penye waifai, usimpe mtoto simu aangalie peke yake wakati wewe unapika, maana swali litakuja katikati na hakutakuwa na wa kulijibu. Mwongozo wenyewe ni wa kurasa chache. Anayejua Kiingereza ausome na kuandika mambo manne matano kwa Kiswahili kwenye daftari la bibi. Kitabu cha hadithi kinafaa zaidi kwa umri wa chekechea. Mtoto wa miaka 8 aliyekulia mjini atakiona ni cha kitoto, na wa miaka 12 usimpe kabisa. Yeye zungumza naye kama mtu anayeelewa, kwa sababu anaelewa.

Kuna nyumba ambazo kifurushi hiki kisiingie. Ikiwa mzazi amefungwa kwa kumuumiza mtoto huyohuyo, au mama yake, au mtu mwingine wa nyumbani, maneno laini ya "tunampenda na tutamtembelea" yanaweza kumjeruhi mtoto upya. Hapo nenda ofisi ya ustawi wa jamii, au piga 116, namba ya bure ya msaada kwa watoto inayofanya kazi Kenya, Tanzania na Uganda.

Tukitoa alama: mwongozo wa mlezi 5 kati ya 5, video 3 kwa sababu ya lugha na ziara isiyofanana na ya kwetu, kitabu cha hadithi 3. Familia iliyo Marekani inaweza kuongeza nukta kwenye video, kwani ziara wanayoiona humo iko karibu na ile watakayoikuta.

Kitu kidogo kuliko vyote tunakipa 5 bila kusita. Mwongozo unapendekeza mtoto apewe moyo wa karatasi wa kubeba mfukoni ili amkumbuke aliye mbali. Karatasi ya daftari, mkasi, rangi nyekundu kama ipo. Kata miwili, sio mmoja, kwa sababu getini askari anaweza kuukataa au mvua ikaulowesha. Mmoja uende na mtoto, wa pili ubaki chini ya mto wake. Akirudi kutoka gerezani pengine atanyamaza siku mbili, au akojoe kitandani, au ampige mdogo wake bila sababu. Hilo halimaanishi ziara ilikuwa kosa. Mpe chakula, usimhoji, na ule moyo wa pili uwe palepale chini ya mto atakapoutafuta usiku.