TAHADHARI: Toyota IST ya "mmiliki anasafiri", na vitu vya kukagua kabla hujatoa hela

Wakuu, kuna IST nyeusi namba D inazungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dar. Maneno ya tangazo mnayajua: injini haijaguswa, gia safi, AC inagandisha, mmiliki anasafiri, njoo na fundi wako. Bei iko chini ya soko kiasi cha kukufanya uwahi, si kiasi cha kukushtua. Shemeji yangu aliinunua. Haikupita muda, akaja kijana na ufunguo wa akiba, akaliwasha gari nje ya geti na kuondoka nalo mchana kweupe. Tulidhani mwizi. Kumbe katumwa na mkopeshaji ambaye kadi ya gari anayo yeye, tangu kabla halijatangazwa.

Mchezo uko hivi. Mwenye gari anakopa, anaacha kadi na ufunguo mmoja kwa mkopeshaji. Kisha anakwenda polisi kuripoti kadi imepotea, anaomba nyingine TRA (Mamlaka ya Mapato), na hiyo mpya ndiyo anauzia. Kadi unayooneshwa ni ya kweli kabisa, hakuna kilichoghushiwa, kwa hiyo kuikodolea macho hakusaidii. Uliza kadi ya kwanza ilikwenda wapi na ufunguo wa pili uko wapi. Gari la zamani kubaki na ufunguo mmoja ni kawaida. Lakini ufunguo umepotea, kadi nayo ilipotea juzijuzi, na mwenyewe ana haraka ya safari? Mimi hapo naaga. Fundi umeme naye apapase chini ya dashibodi, maana wakopeshaji wengine hufunga jipiesi, kile kifaa cha kufuatilia gari liliko. Muuzaji akisema hajui imefungwa na nani, umeshajibiwa.

Dalali wa shemeji alikuwa ameandaa kila kitu: gari limeoshwa hadi injini, linaunguruma, fundi yuko jirani, mkataba umeshachapwa. Chochote ulichokuta kimeandaliwa, kirudie mwenyewe upya.

Anza na injini. Ikishapata moto inaficha mengi, kwa hiyo sema utafika alfajiri na gari lisiwashwe kabla yako. Ukifika weka kiganja kwenye boneti. Kama ni ya moto, rudi siku nyingine, na usione haya. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha oili: utando mweupe mzito kama mtindi ni dalili ya maji kuchanganyika na oili. Fungua na rejeta (injini ikiwa baridi tu, msije mkaungua). Ukikuta maji ya kutu badala ya kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), huenda hilo gari limewahi kuchemsha au liko njiani kuchemsha.

Kabla ya kuwasha, zungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake. Taa ya injini, ya oili na ya eabegi zote lazima zionekane, ndipo zizime baada ya kuwasha. Ile isiyowaka kabisa ndiyo ya kuogopa, maana kuna waliochomoa balbu au kuiziba ili usiulize. Hata hivyo lipimwe kwa mashine. Mtu mwingine asimame nyuma kwenye bomba: moshi wa bluu, injini inakula oili; moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, shuku gasketi ya silinda hedi.

Sasa hilo la "njoo na fundi wako". Linasikika kama uaminifu, na ndiyo kazi yake. Ukienda bila fundi, yupo pale jirani "anayezijua hizi IST", na chake kinatoka kwa dalali. Hata wa kwako anaweza kuvutwa pembeni akaahidiwa kitu. Mlipe ya kwake mapema, na mwambie wazi kwamba hela ni ileile, gari ulichukue au uliache.

Kuhusu namba ya usajili: herufi D au E inaonesha gari lilisajiliwa lini hapa Tanzania, haisemi limetengenezwa lini. IST za umbo la kwanza zilitengenezwa Japani kati ya 2002 na 2007, basi. Iwe namba E, umri wake ni uleule. Kilometa za kwenye dashibodi wala sizihesabu. Naangalia pedali ya breki ilivyolika, usukani ulivyong'aa na kiti cha dereva kilivyobonyea.

Namba ya chesisi nayo inazungumza. IST ambayo namba hiyo inaanza na NCP60 ilitoka kiwandani na injini ya 2NZ, cc 1298. NCP61 ina 1NZ, cc 1496. Kuna mtu atakuuzia NCP60 yenye 1NZ ndani na kukwambia "hii ina nguvu zaidi". Inawezekana ni kweli ina nguvu, lakini hiyo ni injini iliyobadilishwa, na namba yake isipofanana na ya kwenye kadi, msalaba huo utaubeba wewe. Soma namba zilizogongwa kwenye chuma chenyewe, usisomewe na mtu.

Kwa Dar yetu na mvua zake, inua kapeti na ufungue sehemu ya tairi la spea. Tope kavu kwenye pembe, kutu kwenye reli za viti, au marashi makali kupita kiasi: shuku gari lilizama.

Upande wa makaratasi, mwenye jina kwenye kadi awepo mwenyewe na kitambulisho cha NIDA na TIN. Msururu wa mikataba ya mauziano kutoka kwa watu watatu bila kadi kubadilishwa jina, achana nao. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini wa Polisi, maana faini zinajilimbikiza kimyakimya. Bima ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Hela kubwa itoke mkiwa kwenye kubadilisha umiliki, kwa njia ya benki, kwenda kwa jina lililo kwenye kadi na si kwa simu ya dalali.

Na msitume kishika uchumba (malipo ya awali) kwa gari ambalo hamjaliona. Kama umeshatuma kwa huyu wa IST nyeusi, usimtukane, atakublock. Piga picha tangazo na maongezi yote, tunza meseji za muamala, piga mtandao wako wa simu uombe hela izuiwe, kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu ukafungue jalada leo hii.