Peaje za Zambia kwa gari lenye plake ya Kongo: uzoefu wangu kutoka Kasumbalesa hadi Lusaka

Nitoe hukumu mapema: vibanda vya peaje (ushuru wa barabara) vya Zambia vinafanya kazi vizuri. Unasimama, unalipa, mashine inatoa risiti, nguzo inapanda, unaondoka. Anayetoka Lubumbashi hasumbuliwi na vibanda. Anasumbuliwa na mpaka, kwa sababu pale malipo ya barabara yamechanganyika na malipo mengine, na kila moja lina dirisha lake, sarafu yake na karatasi yake. Ndiyo maana mtu akirudi anakwambia peaje ya Zambia ni ghali, kumbe ukimhesabia vizuri, sehemu kubwa ya pesa zake hazikuwa peaje hata kidogo.

Tuanze na kilicho muhimu kuliko vyote. Gari la kigeni linalipia barabara mara mbili, kwa njia mbili tofauti. Malipo ya kwanza ni ada ya gari lenye plake (namba ya gari) ya nje, inayolipwa mpakani kwa RTSA, idara ya usalama wa barabara, na hutozwa kwa dola. Ya pili ni peaje yenyewe, ile ya vibanda vya njiani, iliyo chini ya NRFA, mfuko wa barabara wa Zambia, na hulipwa kwa kwacha kila unapopita. Kulipa ya kwanza hakukuondolei ya pili. Kila mara kuna shofere anayefika kibanda cha kwanza baada ya Chingola akinyoosha risiti ya mpakani kama vile ni tiketi ya safari nzima, huku foleni inapiga honi nyuma yake. Mtoza ushuru hana la kufanya: risiti ile ni ya ofisi nyingine.

Kwa upande wetu, njia ya Lubumbashi kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kilomita 90 na kitu, nayo ina peaje, na hiyo tumeizoea: dola au franka, risiti mkononi. Ihifadhi. Kabla ya kuvuka, hakikisha dowane (forodha) ya Kongo imekupa karatasi ya gari kutoka kwa muda. Hiyo haihusu peaje, lakini usipokuwa nayo, siku ya kurudi utaulizwa kama gari lako unaliingiza nchini kwa mara ya kwanza, na mazungumzo hayo ni marefu.

Ukifika Kasumbalesa usijipange nyuma ya malori ya shaba. Foleni ile ni ya mizigo, na gari dogo linapita pembeni. Upande wa Zambia, mlolongo unakwenda hivi: paspoti kwanza, kisha dowane yao, ZRA, inakuandikia kibali cha kuingiza gari kwa muda. Hapo utahitaji kati rozi (kadi ya usajili) ya gari kwa jina lako. Kama gari si lako, beba barua ya mwenye gari yenye saini na muhuri, la sivyo hutaendelea. Hapo hapo kwenye dowane kuna ushuru wa moshi, ambao hupangwa kwa ukubwa wa mashine: hadi sisi (cc) 1500, hadi 2000, hadi 3000, na zaidi ya hapo. Soma kati rozi yako kabla hujafika dirishani. Mwenye Vitz na mwenye Land Cruiser hawalipi sawa, na kama ukubwa wa mashine haukuandikwa wazi, afisa ataukadiria kwa macho, na kwa kawaida hakadirii chini.

Baada ya hapo ni RTSA, na hii ndiyo ada ya barabara. Toa dola safi. Sisi wa Kongo tunajua kukataa noti iliyopasuka hata milimita moja, basi wao pia wana macho hayo hayo. Beba za kumi, za tano, za moja, maana chenji ya dola ni shida. Angalia kwamba namba ya plake kwenye risiti imeandikwa sawasawa, herufi kwa herufi. Plake zetu zina mpangilio ambao makarani wao hawauzoei, na kosa la tarakimu moja linaigeuza risiti kuwa ya gari jingine. Nafasi nzuri ya kusahihisha ni kabla hujaondoka dirishani. Ukigundua Kitwe, ni juu yako.

Halafu kuna ushuru wa halmashauri ya mji, kiasi kidogo cha kwacha, na asiransi (bima). Kwa asiransi ushauri wangu ni mmoja: nunua kadi ya njano ya COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, hapa Lubumbashi kabla ya kuondoka. Inafunika madhara unayoweza kumfanyia mtu mwingine, na inakubalika Zambia, Zimbabwe, Malawi, Tanzania na nchi nyingine za mpango huo. Ukiwa nayo, wauzaji wa asiransi waliojipanga mpakani hawana cha kukuuzia. Botswana na Afrika Kusini hazimo.

Kuhusu vijana wanaokukimbilia wakisema wanajua madirisha yote: wengine wanajua kweli, na ukiwa mgeni kabisa, mmoja anaweza kukuokolea saa nzima. Lakini pesa ya serikali ipeleke dirishani kwa mkono wako, na kijana mlipe ya kwake mbali. Ukimpa bahasha moja akalipe yote, utarudishiwa risiti nne na hesabu usiyoielewa.

Sasa kwacha. Kibandani ni kwacha, basi. Usipange kulipa kwa dola, na franka usizitaje. Badilisha kiasi cha kutosha kwa makambista wa Kasumbalesa au, bora zaidi, benki ya Chingola, na udai noti ndogo: ishirini, hamsini. Zambia ilitoa noti mpya tarehe 31/3/2025, na zile za zamani zikapewa mwaka mmoja tu wa kutumika pamoja nazo. Kwa hiyo kambista akikupa mafungu ya noti za zamani kwa bei tamu, jua kwa nini bei ni tamu. Na mtu akikutajia bei ya maelfu ya kwacha kwa kitu kidogo, bado anahesabu kwa kwacha ya kabla ya 2013, walipokata sifuri tatu. Wazee wa mpakani wana mazoea hayo.

Vibanda vyenyewe, kwa mtu anayeshuka Lusaka, vimepangwa hivi. Baina ya Chingola na Kitwe kuna Wilson Mofya Chakulya. Baina ya Kitwe na Ndola kuna Michael Chilufya Sata, kwenye njia pana ya pande mbili, na hapo ndipo foleni hukaza zaidi asubuhi na jioni kwa sababu watu wa miji hiyo miwili wanakwenda na kurudi kazini. Ukitoka Ndola unakutana na Kafulafuta, kisha ukishapita Kapiri Mposhi kuna Manyumbi kabla ya Kabwe, na mwisho Katuba, karibu na kuingia Lusaka. Vitano, kwa hesabu yangu. Gari dogo lilikuwa likilipa kwacha 20 kwa kibanda kwa miaka mingi, na ubao ulio mbele ya kibanda ndio unaokutajia bei ya siku hiyo. Kwa hesabu ya ishirini, kwenda ni mia na kurudi ni mia, maana unalipa kila upande na hakuna tiketi ya kwenda na kurudi. Mimi huweka mara mbili ya hesabu hiyo pembeni, kwa sababu njia ya Chingola hadi Kasumbalesa na ile ya Lusaka hadi Ndola zote zimewekwa mikononi mwa makampuni kwa mkataba, na barabara ya namna hiyo haijengwi bure. Ile ya Lusaka hadi Ndola, kilomita 327, inapanuliwa kuwa ya pande mbili kwa mkataba wa miaka 25. Penye ujenzi utapishwa pembeni kwenye vumbi na bado utalipa kibandani. Wanaolalamika wana haki. Lakini aliyewahi kulala nyuma ya lori lililoanguka baina ya Kapiri na Kabwe atakubali kulipa.

Jambo ambalo hakuna anayekwambia ni upande wa volani (usukani). Zambia wanaendesha kushoto, na kibanda kimejengwa upande wa kulia wa gari, kwa dereva anayekaa kulia. Kama gari lako ni la volani ya kushoto, dirisha la mtoza ushuru litakuwa upande wa abiria. Basi abiria wa mbele ndiye keshia: mpe kwacha kabla hamjafika, ashushe kioo mapema, apokee risiti na chenji. Ukiwa peke yako, sogea karibu na kibanda uwezavyo, weka breki ya mkono, shuka, zunguka mbele ya gari, lipa, rudi. Usijaribu kujinyoosha juu ya kiti cha abiria huku mguu uko kwenye breki. Gari la otomatiki likisogea kidogo tu unagonga nguzo, na nguzo ile utailipia. Wenye gari za Japani zilizopitia Dar es Salaam, volani kulia, hapa wanacheka. Shida yao iko kwetu, kwenye peaje ya Kongo.

Chagua njia sahihi kabla ya kuingia baina ya zile kuta za saruji, maana ukishaingia hakuna kurudi nyuma. Kuna njia za malori, na kuna njia za wenye kadi ya kulipia kabla. Ukijikuta kwenye ya kadi huna kadi, tulia, mtoza ushuru atakuja. Ila utakuwa umewakasirisha wote walio nyuma. Mwambie "mukwai" kwanza. Kibemba kidogo kinafungua milango mingi Copperbelt, mkoa wa shaba wa Zambia, na watu wa Lubumbashi hatuna kisingizio cha kutokijua.

Kadi hiyo ya NRFA inafaa? Kwa mfanyabiashara anayeshuka Kitwe au Ndola kila wiki, ndiyo. Unaijaza pesa kibandani, unapita haraka, hubebi noti ndogo, na matumizi yako yote yana kumbukumbu unayoweza kumwonyesha bosi. Kwa anayesafiri mara chache kwa mwaka, hapana: pesa utakayoacha ndani ya kadi itakaa huko Zambia ikikusubiri. Punguzo la wapitaji wa kila siku lipo, lakini limewekwa kwa ajili ya wakaazi wa karibu na kibanda. Gari la plake ya Kongo lisilihesabu. Kadi ya benki ya Kongo naiona kama akiba tu, kwani mtandao ukikatika pale porini inabaki plastiki. Airtel Money yako ya +243 isahau pia: waleti ya Zambia ni ya namba ya +260, hata kama rangi ya kampuni ni ile ile.

Risiti zote, za mpakani na za vibandani, ziwe kwenye bahasha moja mbele ya gari. Kwenye vizuizi vya polisi wanachotaka kuona ni za mpakani: kibali cha dowane, RTSA, moshi, asiransi. Watatazama pia vibandiko vinavyong'aa, vyeupe mbele na vyekundu nyuma, na pembetatu mbili. Za vibandani zitunze kama gari ni la kazi na unadai kurudishiwa pesa. Karatasi yake ni ile inayofifia kwa jua, hivyo zipige picha siku hiyo hiyo.

Kwa wanaopita Lusaka, maneno machache. Kusini kuna Shimabala ukitoka jijini, na Daniel Munkombwe upande wa Choma. Zimbabwe ina vibanda vyake vya ZINARA, idara yao ya barabara, dola zinakubalika lakini chenji haipatikani, kwa hiyo noti za dola moja moja ni dhahabu. Ukipitia daraja la Kazungula, lililofunguliwa 2021, utalipia daraja, na Botswana inakutoza mpakani bila vibanda njiani. Afrika Kusini, N1 kutoka Beitbridge ina Baobab, Capricorn, Nyl, Kranskop na Carousel kabla ya Pretoria, kwa randi au kadi. Ile mitambo ya juu ya barabara za Johannesburg iliyokuwa ikipiga picha plake na kutuma bili ilisitishwa 2024, kwa hiyo msidanganywe na mtu anayewauzia usajili wake.

Kurudi ni vibanda vile vile kwa mpangilio wa kinyume, na mpakani kazi moja tu: rudisha kile kibali cha gari cha dowane, kigongwe muhuri wa kutoka, tarehe yake ikiwa haijapita. Msiondoke na karatasi ile mfukoni mkidhani haina kazi tena. Kwenye kompyuta yao gari litakuwa bado liko Zambia, na mtakaporudi mara nyingine ndipo mtakapoulizwa.