Kibali cha usalama wa moto kwa shughuli ya uwanjani: dirishani walinidhalilisha, uwanjani wakanisaidia

Nina hasira, na naandika nikiwa nazo hivi hivi, maana zikishapoa nitasamehe, halafu mwenzangu atakwenda pale wiki ijayo na kutendewa yaleyale.

Mimi ni mwandaaji wa shughuli hapa Dar: mahafali, kipaimara, send-off, mabonanza ya vikoba. Safari hii kikoba kimoja cha kina mama kilitaka bonanza la familia kwenye kiwanja cha wazi, kuvuta kamba na rede mchana, nyama choma na taarabu jioni. Barua ya serikali ya mtaa niliipata bila shida. Afisa utamaduni wa manispaa hakunisumbua, polisi nao wakapokea taarifa yao. Kikabaki kibali cha usalama wa moto, cha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ofisi siitaji wala wilaya siitaji. Waliowahi kupita pale wataijua.

Nilifika asubuhi na faili langu: barua ya maombi, mchoro wa kiwanja, makadirio ya watu, stakabadhi za mitungi ya kuzimia moto niliyoinunua Kariakoo. Dirishani yuko kijana, umri wa mwanangu wa pili. Nikamwambia, "Habari za kazi, baba." Kimya. Nikadhani hajasikia, nikarudia. Akainua macho kutoka kwenye simu, akanitazama vizuri kabisa, akarudi kwenye simu yake.

Jamani, salamu! Ningeelewa foleni, ningeelewa mtandao kusumbua, ningeelewa hata bosi kuwa safari. Lakini mtu mzima akusalimie mara ya pili, umwone, usimwitikie? Mzee mmoja nyuma yangu, aliyekuja kwa mambo ya gereji yake, aliguna kwa sauti.

"Lete," ndiyo lilikuwa neno lake la kwanza. Akafungua faili, akautoa mchoro, akamwonyesha mwenzake. "Huu umechorwa chekechea?" Wakacheka. Mchoro ule niliupima kwa hatua mimi na fundi wangu wa maturubai juani: geti kubwa, geti dogo, jukwaa, jenereta, majiko, sehemu ya watoto. Akagonga karatasi kwa kidole. "Haijakamilika."

Nikamuuliza, "Nini kinakosekana, mwanangu, nikakilete?"

"Mama usinipotezee muda. Utajua mwenyewe."

Akalisukuma faili chini ya kioo kwa nguvu, karatasi zikateleza, moja ikaanguka sakafuni. Nikainama kuiokota mbele ya watu wote. Mpaka leo nikifumba macho naiona ile sakafu.

Nje, chini ya mti, kishoka, hawa madalali wa vibali wasio rasmi, alikuwa ananisubiri kama mtu aliyepigiwa simu. "Mama, hilo mimi nakumalizia leo leo." Sisemi wanashirikiana, sina ushahidi. Nasema tu kwamba alijua faili langu limerudishwa kabla sijamwambia. Nilimkatalia. Malipo ya serikali siku hizi yana kontrol namba, unalipa kwa simu au benki na risiti inakuja. Hela anayoitaka kishoka mkononi haina namba wala risiti, na karatasi atakayokuletea hujui imetoka wapi.

Basi zikafuata njoo kesho, njoo kesho, huku wateja wangu wanapiga simu kuuliza kama bonanza lipo au halipo. Aliyenikwamua ni afande mmoja wa kike, mtu mzima, aliyenikuta kwenye benchi na kuniuliza nimekaa pale tangu saa ngapi. Akanipa shikamoo kwanza! Akalisoma faili akiwa amesimama. Kilichokosekana ni kimoja: mchoro haukuonyesha njia ambayo gari la zimamoto lingeingilia. Akachukua kalamu, akaniachia nichore mishale miwili kutoka barabarani mpaka geti kubwa, basi. Kontrol namba ikatoka siku hiyohiyo. Mishale miwili! Yule kijana angeweza kunitamkia hilo ndani ya pumzi moja.

Sasa niseme na upande wa pili, maana haki ni haki. Mkaguzi aliyekuja kiwanjani ni fundi wa kazi yake. Sijawahi kuona mtu akikagua namna ile. Alianza kwa kusimama katikati ya uwanja bila kusema kitu, anasikiliza upepo. Wapishi walikuwa wameshapanga majiko ya nyama choma upande wa kusini wa maturubai. Akasema, "Mama, kusi likianza kuvuma jioni, cheche zote zinaingia kwa wageni." Majiko yakahamishwa upande wa pili, mbali na turubai. Akaomba maji ya sabuni, akayapaka pale mpira wa gesi unapokutana na mtungi, akachuchumaa kuangalia. Mtungi wa kwanza, kimya. Wa pili ukatoa mapovu madogo madogo, yanavimba na kupasuka. Mpishi aliyekuwa anajisifu miaka yake yote ya kupikia harusi alinyamaza. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini, na pale chini ndipo watoto wangekuwa wanacheza.

Alipoona dumu la petroli limeegemea jenereta, ndipo alipokuwa mkali. Akawakumbusha vijana Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka, watu wakakimbilia kuchota na moto ukaua zaidi ya watu 100. Hakuwa anatisha mtu. Dumu likapelekwa mbali, na agizo likawa: hakuna kuongeza mafuta jenereta ikiwa inawaka au haijapoa. Geti dogo lilikuwa na kufuli; akasimama pale mpaka likafunguliwa. Kisha akawafundisha vijana wangu mtungi wa poda: angalia kishale kiko kwenye kijani, vuta pini, lenga kwenye kitako cha moto, si kwenye ndimi zake, fagia kulia na kushoto. Kila mmoja akaushika. Akatuandikisha 114, namba ya dharura ya zimamoto, kwenye kibao karibu na jukwaa.

Kwa hiyo nawapa alama gani? Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msiende pale kabisa. Siwezi kusema hivyo tena. Ule mpira wa gesi ungetuua. Kila anayeandaa shughuli ya nje, iwe Coco Beach, Biafra au kiwanja cha mtaani kwenu, akaguliwe, na kwa ukaguzi ule nawapa alama zote.

Lakini kadiri ninavyousifia ukaguzi ndivyo hasira zinavyonirudi, maana nawajua waandaaji wenzangu wasiofika kwa yule mkaguzi kamwe. Wanaishia dirishani. Wanatukanwa siku ya kwanza, wanakwenda zao, wanafunga maturubai usiku na kufanya shughuli bila kibali, na gesi inavuja hivyohivyo. Kijana mmoja na simu yake anaharibu kazi ya jeshi zima. Sheria ya zimamoto na uokoaji ni ya mwaka 2007. Tangu wakati huo kweli imekosekana karatasi moja ya kubandika ukutani, yenye orodha ya vinavyotakiwa?

Mnaokwenda, onyesheni njia ya gari la zimamoto kwenye mchoro, na upande unakotoka upepo. Nendeni mapema, ombeni kontrol namba, mkatae vishoka. Mkirudishiwa faili, ombeni sababu iandikwe juu yake.

Mimi barua ya malalamiko nimeshaipeleka kwa mkuu wao na nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Nimeomba mawili: orodha ibandikwe ukutani, na yule kijana aniombe radhi. Wakibandika tu hiyo orodha nitaridhika, nitarudi hapa niandike upya.

Hapana. Nayataka yote mawili.