Kozi ya ushauri wa safari niliyosoma hapa Arusha, darasa la jioni

Nimemaliza kozi ya miezi mitatu ya ushauri wa safari hapa town, jina la chuo sitalitaja maana nina lawama nao, ila walichonifundisha ndo kimenipa kazi kwa hiyo nasema yote, zuri na baya.

Mwezi wa kwanza ni tiketi za ndege tu. Amadeus, ule mfumo wa kompyuta wa kukatia tiketi, vifupisho vya herufi tatu vya viwanja vya ndege, KIA ni JRO, Kisongo ni ARK, Zanzibar ZNZ, unakariri mpaka unaota. Kama unataka kwenda kukata tiketi Dar sawa, lakini Arusha tunakula kwa safari na mlima, na nilishaanza kunung'unika hela yangu imeenda bure mpaka alipoingia mwalimu wa kotesheni, yaani hesabu ya bei ya safari anayotumiwa mgeni, mama mmoja aliyekaa rizavesheni, kitengo cha kushika nafasi, miaka mingi. Kwa huyu mama peke yake ada yangu ilirudi.

Alitupa kazi, wageni wawili, Tarangire, Serengeti, Ngorongoro. Nikapiga hesabu yangu safi kwenye Eksel nikampelekea. Akazungushia duara jekundu sehemu moja tu halafu akaniuliza, "Mwanangu, hili gari linashuka kreta na wageni wangapi?" Kumbe ada ya kushuka kreta, lile bonde la Ngorongoro, inalipwa kwa gari, si kwa kichwa, na tulivyokuwa tunasoma ilikuwa dola 295 pamoja na VAT. Mimi nilichukua mfano wa kundi la watu sita nikaweka dola 49 kila mmoja, wakati wakiwa wawili kila mmoja anabeba 147 na nusu. "Hiyo karibu dola mia mbili iliyobaki atalipa nani?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo kotesheni yoyote naanza na idadi ya watu kwenye gari, na Ngorongoro naiandika mstari wake peke yake kwa sababu iko chini ya mamlaka yake, siyo TANAPA wanaosimamia hifadhi za taifa kama Serengeti na Tarangire.

Alitufundisha pia kumwambia mgeni ukweli mapema. Mtu anakuja Februari anataka kuona nyumbu wakivuka mto Mara, usimuitikie tu ili alipe dipoziti, mwambie mwezi huo wako kusini huko Ndutu wanazaa, kuvuka kule Kogatende, kaskazini ya Serengeti, ni kuanzia Julai hivi, achague mwenyewe.

Kuhusu kazi zenyewe alituchambulia vizuri. Wengi mnaanzia rizavesheni, unaomba nafasi lodji, unafuatilia malipo, unatuma voucha. Ukishazijua bei na lodji kichwani unakuwa mshauri, unaongea na wageni mwenyewe, na ofisi zingine zinakupa kamisheni juu ya mshahara. Mwingine damu yake ni operesheni, magari, madereva, wapagazi, simu saa tisa usiku gari limekwama. Kuna wa kuzunguka lodji kujadiliana bei za mwaka mzima, na kuna anayefungua kampuni yake, huyo ajipange na leseni ya TALA, ile ya kufanya biashara ya utalii. Ukiwa na Kijerumani, Kifaransa au Kihispania milango inafunguka haraka zaidi. Na muda ujue kabisa, mgeni wa California akianza siku yake saa mbili asubuhi huku ni saa kumi na mbili jioni au saa moja, imeli nyingi utazijibu umeshafika nyumbani.

Sasa lawama. Waliahidi fildi, mafunzo ya vitendo, ya wiki nne kwenye ofisi ya safari. Nilipangiwa sehemu ambayo wiki mbili nzima nimepanga mafaili na kuchemsha chai, kompyuta sikuigusa, na kila siku napanda hiace kutoka Ngaramtoni kwa nauli yangu. Iliniuma sana. Nilivyolalamika wakanihamisha ila muda ulishapotea. Kabla hujalipa hata shilingi waulize utapelekwa ofisi gani, utakaa na nani, na utaruhusiwa kugusa kotesheni za kweli au la.

Ukiweza chukua darasa la jioni, usichukue la asubuhi. Jioni nusu ya wenzangu walikuwa tayari wako maofisini, wanakuja na maombi ya wageni ya siku hiyohiyo kwenye simu, tunayapigia hesabu wote ubaoni mpaka mlinzi anakuja kuzima taa.