Darasa la hisa la Jumamosi hapa town: hesabu safi, swali kubwa likarukwa

Jamani nlienda lile darasa la kununua hisa za Marekani, Jumamosi mbili ghorofani huku Moi Avenue, Mombasa, 2,500 kwa zote mbili, sasa kabla hujatoa pesa nisikize. Jina lao naliacha.

Pahali pazuri, feni zafanya kazi, mwalimu akieleza waelewa. Siku ya kwanza nzima alituweka kwa hisa moja tu, Nvidia, wale watengezaji chipu za kompyuta, bei yake ni ya haki ama imepaa kupita kiasi? Akaandika ubaoni: kampuni yote ikiwa dola trilioni 3, faida ya mwaka uloisha Januari 2025 karibu bilioni 73, gawanya, wapata 41, yaani bei ni mara 41 ya faida ya mwaka. Halafu akasema haya, duka la Marikiti laingiza faida laki 5 kwa mwaka, mwenyewe ataka milioni 20 na nusu, utanunua? Wallahi watu walinyamaza kimya. Mimi miaka yote natazama bei ya hisa moja nasema hii rahisi hii ghali, kumbe sikuwa najua natazama nini. Hapo pesa yangu ilirudi.

Shida ni kuwa mwalimu alikuwa keshaamua si ghali, mauzo yametoka bilioni 61 hadi 130 kwa mwaka mmoja, yakienda hivo ile 41 yashuka yenyewe. Mama mmoja muuza leso akamuuliza, hizo chipu wanunua kina nani? Wakubwa wachache, Microsoft, Meta, Amazon, Google. Akamwambia, "Mwalimu, mimi mteja mmoja wa jumla akihama mwezi wangu ushaharibika, hawa wakipunguza oda je? Na Google si yajitengezea chipu zake?" Akaambiwa asiwe na wasiwasi, slaidi ikabadilishwa. Nliudhika sana, swali lile ndilo somo lenyewe! Cisco, wauza mitambo ya intaneti, mwaka 2000 iliwahi kuwa ya thamani kubwa kuliko zote duniani, na intaneti ikazidi kukua kweli, lakini hisa yake bado ikaanguka zaidi ya 80%.

Jumamosi ya pili ni kufungua akaunti tu, na makato ya kugeuza shilingi kuwa dola hayakutajwa mpaka nlipouliza mwenyewe.

Nawapa nyota 3 kwa 5, zote za ile siku ya ubao. Jioni nikivuka feri ya Likoni nlipiga kwa simu ile hesabu mwalimu alomnyima yule mama, faida ikikatika nusu na bei ibaki pale pale: 82.