Ngassa wa Ziwa Albert na piraya wa Brazili

Mvuvi wa Butiaba au Wanseko, kwenye mwambao wa Ziwa Albert nchini Uganda, hahitaji kuelezwa meno ya ngassa, samaki mwindaji wa ziwa hilo. Hata akifunga mdomo, yanaonekana nje, marefu na yaliyochongoka. Piraya, aina ya piranha (samaki wa Amerika Kusini mwenye meno makali) ambaye makao yake ya asili ni bonde la mto São Francisco pekee, huyaficha yake nyuma ya midomo minene. Meno hayo ni ya pembetatu, yamebanana, na ya juu hukutana na ya chini kama mkasi.

Kwangu mimi, hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Ngassa humeza windo zima, kwa hiyo hukimbiza samaki wanaotosha kinywani mwake. Piraya hukata kipande cha nyama au pezi, hivyo anaweza kumng'ata hata aliyemzidi ukubwa.

Maumbo yao yanafuata kazi hiyo. Ngassa ni mwembamba, wa rangi ya fedha, ana mistari myeusi ubavuni na mkia uliogawanyika: mwili wa mbio. Piraya ni mpana na bapa, na tumbo lake lina rangi ya chungwa na njano inayopanda ubavuni. Kwa uzuri, piraya anashinda bila ubishi.

Wote wawili ni ndugu wa mbali, na wote walielezwa kisayansi na Mfaransa Georges Cuvier mwaka 1819. Meno yao pia hung'oka na kuota mapya. Piranha hubadilisha ya upande mmoja wa taya kwa pamoja, huku upande wa pili ukiendelea kula.