Thunderbird, baada ya bosi kuniuliza bei ya kofia

Nina anwani tatu za barua pepe: ya kazini, ya biashara yangu ndogo ya kuchapisha fulana na kofia pale River Road, Nairobi, na moja ya tangu chuoni yenye jina ambalo sitalitaja hapa. Zote zilikuwa zikiingia kwenye programu moja ya simu, zimebanana kama abiria wa saa kumi na mbili jioni.

Mwaka jana, asubuhi moja, nikiwa ndani ya matatu iliyokwama Pangani, nilimwandikia bosi kwamba naumwa na sitafika ofisini. Dakika kumi hazikuisha akajibu: "Pole sana. Kofia ni pesa ngapi?" Kuangalia chini ya ujumbe wangu, naona saini ya biashara, namba ya Till ya kupokelea malipo na maneno "Tunachapisha hata Jumapili." Nilikuwa naumwa kidogo, sikatai, lakini matatu ilikuwa inaelekea River Road.

Ukimjibu mtu, mara nyingi programu hutumia ile anwani iliyopokea ujumbe wake, na mambo huenda sawa. Shida huanza unapoandika ujumbe mpya, maana hapo huchukua akaunti ya kawaida au ile uliyokuwa ukiitazama mwisho, nawe umekazia macho jina la unayemwandikia. Nani husoma sehemu ya "Kutoka"?

Nikahamia Thunderbird, programu ya barua pepe, kwenye kompyuta. Ni ya bure, inaendeshwa kwa michango, na toleo lake la 1.0 lilitoka 2004, kwa hiyo si mgeni. Kilichonivuta ni rangi: tangu toleo la 128 la mwaka 2024, kila akaunti unaipa rangi yako, na rangi hiyo inaonekana pale unapochagua anwani ya kutumia. Kazini ni buluu, biashara nyekundu. Nikiona nyekundu huku namwandikia bosi, mkono unasimama wenyewe. Kila akaunti pia ina saini yake. Ya kazini nimeiacha kavu kabisa, jina na cheo basi.

Haikulindi kwa kila kitu. Ukiwa umebofya folda ya biashara kisha ukaanza ujumbe mpya, utatoka kwa anwani ya biashara, rangi au hakuna rangi. Ndiyo maana barua nzito naziandika usiku na kubonyeza Ctrl+Shift+Enter, zinabaki foleni hadi nizitume mwenyewe asubuhi baada ya chai. Anwani ya mpokeaji naiweka mwisho kabisa, barua ikishakamilika. Menyu ni nyingi, na siku ya kwanza nilipotea humo jioni nzima.

Kwenye simu nimeweka Thunderbird ya Android, iliyozaliwa kutoka programu nyingine ya barua pepe, K-9 Mail, na kutolewa Oktoba 2024, na ndani yake kuna akaunti ya kazini peke yake. Ya biashara iko Gmail. Huko, ukifungua mipangilio kwenye kompyuta, ongeza muda wa kughairi kutuma kutoka sekunde 5 hadi 30. Ujue tu kwamba barua hairudishwi kutoka kwa mtu. Inacheleweshwa kuondoka, na sekunde zikiisha imekwenda.

Bosi hajauliza tena habari za kofia. Mimi nami sijamtumia bei.